Bega la nahodha: sindano kwanza au picha kwanza?

Daktari, assalaam aleikum.

Mume wangu ni nahodha wa mashua ya mizigo hapa Lamu. Ana miaka 53 na ana ugonjwa wa sukari. Tangu msimu wa upepo wa kusi wa mwaka jana bega lake la kulia halina raha. Alikuwa akivuta henza, ile kamba ya kupandishia foromali, yaani mti unaobeba tanga; tanga limerowa, akasikia kitu kimekatika begani. Nyumbani hakusema neno. Nilijua usiku, aliposhindwa kulalia upande ule.

Mkandaji tulimwendea. Simlaumu, amewafaa wengi mtaani, lakini kila akilikanda bega, usiku wake maumivu huzidi. Siku hizi kanzu namvisha mimi, naanza na mkono mgonjwa. Kikombe cha chai hukifikisha kifuani kwa mkono wa kulia, kisha wa kushoto ukapokea.

Jamaa wanasema bega limeganda, kwa kuwa wenye sukari hupatwa sana na hilo. Daktari aliyempima ana shaka. Alimwambia ainue mkono mwenyewe, ukakwama chini ya usawa wa bega. Kisha akamwinulia polepole, ukapanda hadi juu. Akatueleza kwamba bega lililoganda hukataa hata likiinuliwa na mtu mwingine. Anashuku imechanika kano mojawapo kati ya zile nne zinazolishika bega. Eksirei ilitoka safi, ila hiyo huonyesha mifupa, kano haionyeshi. Ametuandikia MRI, picha inayoonyesha hata kano, nayo ni mpaka Mombasa.

Hapo ndipo tunapovutana. Mume wangu anataka sindano ya steroidi, maana rafiki yake alidungwa akarudi baharini. Daktari anasema sindano hutuliza uvimbe na maumivu kwa muda tu, kano iliyochanika haiiungi, na sukari huweza kupanda kwa siku kadhaa. Mimi huko kutulia ndiko kunakonitisha. Maumivu yakiondoka atavuta henza kama zamani, na palipochanika kidogo pakatike pote. Tumeambiwa pia kano ikikaa sana imekatika, msuli hunywea, hata kuishona kukawa kugumu.

Naye ana haki yake. Akipasuliwa, mkono utafungwa kitambaa shingoni wiki 4 hadi 6, kisha mazoezi ya miezi. Mashua ikilala pwani muda wote huo, tutakula nini?

Naomba unijibu. Ikiwa kano haijakatika yote, mazoezi ya viungo yaweza kumrudisha kazini bila kupasuliwa? Ultrasaundi inatosha badala ya MRI? Je, anaweza kushika usukani tu, kamba wakavuta mabaharia, au hata hilo litamwumiza? Hili la mwisho nikimwambia mimi hanisikii. Likitoka kwako huenda akalikubali, na msimu wa upepo wa kaskazi unakaribia.

Mke wa nahodha,
Langoni, Lamu