Njia ya HP haijapitwa na wakati, iliachwa

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako nijibu hoja moja naisikia sana siku hizi, kwamba kampuni kuendeshwa kwa maadili ya waasisi wake ni mambo ya kizamani, eti dunia inakimbia, teknolojia inabadilika kila kukicha, vijana hawakai kazini, kwa hiyo bosi aangalie namba tu basi. Na mfano unaotolewa kila mara ni HP (Hewlett-Packard), kampuni ya kompyuta na printa ya Marekani, kwamba walikuwa na utamaduni wao mzuri lakini ukawashinda. Mimi huo mfano naona unasomwa kichwa chini miguu juu.

Bill Hewlett na Dave Packard walianza mwaka 1939 kwenye gereji huko Palo Alto, California, na mtaji wa dola 538, wakitengeneza vifaa vya kielektroniki vya kupimia. Mwaka 1957 wakakaa na mameneja wao wakaandika malengo ya kampuni, na mtindo wao wa kuongoza ndio watu wakaja kuuita Njia ya HP. Mwamini mfanyakazi, gawana naye faida, mpe lengo halafu mwachie yeye namna ya kulifikia, na meneja asijifungie ofisini, atoke azunguke aongee na watu pale pale wanapofanyia kazi. Sasa maneno kama haya kampuni gani haina? Yamebandikwa mapokezi kila mahali. Ila hawa wazee walikuwa wanayafanya kweli, kuna siku moja ya wikendi Hewlett alikwenda kazini kuchukua kifaa akakuta stoo imefungwa, akavunja kufuli na akaacha ujumbe kwamba ile stoo isifungwe tena. Packard aliwahi kufanya kazi kampuni nyingine ambako vifaa vililindwa kama hazina, na watu wakawa wanaviiba vilevile, kwa hiyo walijua kabisa wanachokifanya. Mhandisi akitaka kujaribu kitu Jumapili aingie achukue vifaa ajaribu, hasara ya kupotelewa na kifaa kimoja kimoja walishaikubali.

Lakini stoo ni jambo dogo. Kipimo chenyewe kilikuja 1970, uchumi wa Marekani ukayumba, oda zikapungua, hesabu zikaonyesha kazi iliyopo haitoshi watu wote, pungufu kama asilimia 10 hivi. Njia rahisi ilikuwa wazi, toa mtu mmoja kwa kila kumi. Wao wakasema hapana, wote tunakatwa asilimia 10 ya mshahara, kuanzia wakubwa mpaka wa chini, na kila Ijumaa ya pili watu wanapumzika. Ikaenda hivyo kama miezi 6, oda zikarudi, na kampuni ikawa bado ina mafundi na wahandisi wake walewale, wanaojua kazi, hakuna haja ya kuanza kutafuta na kufundisha wapya. Mimi hapo sioni huruma peke yake, naona na akili ya biashara.

Sasa twende 2001. Hali mbaya tena, uongozi mwingine, wafanyakazi wakaombwa wakubali kwa hiari kukatwa mshahara au kutoa siku zao za likizo, na watu zaidi ya 80,000 wakakubali! Fikiria hilo, Mhariri, watu wengi kiasi hicho wanaridhia kupungukiwa ili wenzao wabaki, huo ni utamaduni wa waasisi bado unaishi ndani ya wafanyakazi. Haikupita hata miezi miwili kampuni ikatangaza inapunguza watu 6,000. Mwaka uliofuata ikaungana na Compaq, kampuni nyingine ya kompyuta, familia ya Hewlett yenyewe ikipinga, na maelfu wengine wakaondoka. Halafu 2006 ikajulikana kwamba wapelelezi waliokodiwa na kampuni walijifanya watu wengine ili wapate rekodi za simu za wajumbe wa bodi na waandishi wa habari, yaani kampuni iliyovunja kufuli la stoo kwa sababu ya kuamini watu! Mwaka 2011 wakanunua Autonomy, kampuni ya programu za kompyuta ya Uingereza, kwa zaidi ya dola bilioni 10, mwaka mmoja baadaye wakafuta kwenye vitabu dola bilioni 8.8, yaani wakakiri thamani hiyo haipo. 2015 kampuni ikagawanywa ikawa kampuni mbili.

Kwa hiyo anayesema maadili ndiyo yaliiangusha HP anionyeshe ni uamuzi gani kati ya haya ulifanywa kwa kufuata maadili yale. Mimi sijauona.

Wapo wanaosema HP ya waasisi ilikuwa biashara ya vifaa vya kupimia, soko linakua, faida nzuri, ni rahisi kuwa mwema ukiwa na hela, na hilo nakubali lina ukweli ndani yake. Na nakubali pia wafanyakazi wanapolalamika kwamba lugha ya "sisi ni familia" imegeuzwa kamba ya kuwafunga, mtu anabakizwa mpaka usiku bila malipo ya ziada kwa sababu eti familia haihesabu masaa, na akiugua au mauzo yakishuka anaambiwa asante kwa mchango wako. Kijana aliyeona mzazi wake anafanyiwa hivyo atakaaje kazini? Anahama kwa sababu hakuna anayemuahidi kitu, halafu sisi tunasema kizazi hiki hakina uaminifu.

Ombi langu kwa wakurugenzi na wenye kampuni ni wakati hali bado nzuri waandike na wasaini hela zikipungua ni nini kinakatwa kwanza, bonasi na mishahara ya wakubwa, gawio la wenye hisa, masaa ya kazi, na ajira za watu ziwe mwisho kabisa. Na nyie wafanyakazi mkiombwa mjitolee sehemu ya mshahara, kabla hamjasaini ulizeni kazi zenu zinalindwa mpaka lini, na jibu mpewe kwa maandishi.

Ni mimi msomaji wako wa siku nyingi.