Pauni 1,000 za Alf Common

Kaka Salim,

Salamu nyingi. Kwenye barua yako umesema Alf Common, mwanasoka wa Uingereza, lazima alitajirika Februari 1905, klabu ya Middlesbrough ilipomtoa klabu ya Sunderland kwa pauni 1,000, dau ambalo halikuwa limewahi kulipwa kwa mchezaji yeyote. Hapana, kaka. Fedha ile ilitoka klabu ikaingia klabu. Mchezaji aliruhusiwa pauni 10 tu za kusaini, na mshahara wake haukuweza kuzidi pauni 4 kwa wiki, kanuni iliyoanza kutumika 1901. Piga hesabu: pauni 1,000 ni mshahara wa wiki 250, karibu miaka mitano.

Kilichombana mchezaji ni usajili kuliko hata mshahara. Mkataba ulikuwa wa msimu mmoja, lakini ukiisha klabu ilibaki na usajili wake. Ikitaka, inambakiza, isipotaka, inamweka sokoni kwa bei inayojipangia. Akikataa masharti hachezi timu nyingine ya Ligi, na klabu hailazimiki kumlipa. Ndiyo maana Sunderland, iliyokuwa imemrudisha kutoka Sheffield United kiangazi cha 1904 kwa pauni 520, tena pamoja na kipa wa akiba, iliweza kumuuza miezi michache tu baadaye kwa faida nono.

Middlesbrough nao walikuwa wanachungulia daraja la pili, na ugenini walikuwa hawajashinda karibu miaka miwili. Mechi yake ya kwanza ilikuwa palepale Sheffield, dhidi ya timu aliyotwaa nayo Kombe la FA mwaka 1902. Wakapata penalti, akaifunga, 1-0. Msimu ulipoisha hawakushuka. Magazeti yalipiga kelele kwamba huku ni kununua pointi, na mimi naona hawakukosea sana.

Mwaka 1908 wakubwa wa soka la Uingereza wakaweka kikomo cha ada ya kumnunua mchezaji, pauni 350. Hakikudumu hata mwaka. Klabu ikimtaka mtu wa pauni 700 inanunua wawili, mmoja wa kweli na mwingine wa kujazia karatasi, kila mmoja kwa 350!

Common mwenyewe alikwenda Woolwich Arsenal 1910, kisha Preston North End 1912, akatundika daluga 1914. Baada ya hapo aliendesha baa Darlington kwa miaka mingi.

Wasalimie nyumbani.

Nduguyo,
Hamisi