Mtumishi kapisha uchunguzi, kabati limebaki na kufuli

Ndugu Mhariri,

Ninalisoma gazeti lako kwa zaidi ya miaka ishirini na sijawahi kukusumbua kwa barua, lakini taarifa yenu ya wiki iliyopita kuhusu watumishi waliosimamishwa kazi kupisha uchunguzi imenishinda kuinyamazia. Mwandishi wenu ameieleza kana kwamba mtumishi akishapewa barua ya kusimamishwa, jambo limekwisha. Kwetu sisi tunaosimama nje ya dirisha la ofisi, hapo ndipo linapoanza.

Sipingi mtumishi aliyefikishwa mahakamani kukaa pembeni. Aliyeshitakiwa kwa kuchezea nyaraka hawezi kuachiwa azitunze nyaraka hizohizo, na mashahidi wa kesi yake mara nyingi ni wale wanaomwamkia kila asubuhi. Wala sioni kuwa hilo linaivunja ibara ya 13(6)(b) ya Katiba, inayokataza mtu aliyeshitakiwa kutendewa kama mwenye kosa kabla hatia haijathibitika, ilimradi anarudi kwenye kiti chake akishinda kesi.

Mwaka jana nilikuwa nikifuatilia hati ya kiwanja changu cha Chamazi katika ofisi moja ya umma ambayo sitaitaja. Afisa aliyekuwa na jalada langu akasimamishwa, kisha akapelekwa mahakamani. Nilipofika, kijana wa masjala akaniambia kwa adabu kabisa, "Mzee, jalada lako lipo, ila limo kabatini kwake, na funguo ameondoka nazo." Akanionyesha kabati lenyewe: la chuma, rangi ya kijivu, kufuli dogo la shaba, na juu yake kikombe ambacho mwenyewe alikiacha kikiwa na majani ya chai yaliyokauka. Nilirudi mara saba, kila mara daladala mbili kwenda na mbili kurudi, na kila mara kikombe kilikuwa palepale. Nilipouliza kwa nini kabati lisifunguliwe, nikajibiwa kwamba ndani yake huenda mna vielelezo vya kesi. Nilipouliza kwa nini wapelelezi wasije kuvichukua hivyo vielelezo, nikaambiwa nimwone kaimu. Na huyo kaimu, Mhariri, ni mkasa wa peke yake: anakaimu nafasi ambayo kisheria bado ina mwenyewe, hivyo kila karatasi inayohitaji sahihi anaikwepa kama moto, akihofia kwamba kesho naye atasimamishwa kwa kusaini kilichoachwa na mwenzake.

Kesi yenyewe nilikwenda kuisikiliza siku moja. Ilichukua muda mfupi kuliko nilioutumia kutafuta pa kukaa. Upelelezi haujakamilika, tarehe nyingine ikapangwa, tukatoka. Tangu Novemba 2015, tulipofundishwa msemo wa kutumbua majipu, tumeona wengi wakisimamishwa mchana kweupe mbele ya kamera, lakini siku ya kurejeshwa kazini au kufungwa jela hatualikwi. Wenzetu wa Kenya, katika kifungu cha 62 cha sheria yao ya mwaka 2003 ya kupambana na rushwa na uhujumu uchumi, wameandika kuwa mtumishi aliyeshitakiwa asimame kazi kwa nusu mshahara, na kwamba kesi imalizike ndani ya miezi 24. Sisemi kwamba wao hawacheleweshi, ila angalau mtu ana tarehe ya kuuliza.

Ninapendekeza barua ya kusimamishwa isikabidhiwe mkononi mpaka mhusika arudishe funguo zote, muhuri na orodha ya majalada, mbele ya mtu wa masjala na mpelelezi mmoja, na wote wasaini. Hilo likionekana zito kwa serikali, ninaye fundi wa makufuli pale Tandika, na nauli yake nitailipa mwenyewe. Kikombe naomba wakioshe wao.

Mstaafu,
Mbagala, Dar es Salaam