Mhariri, kupe hapakwi mafuta ya taa

Mhariri,

Salamu kwako na kwa wenzako hapo chumba cha habari. Mi ni msomaji wenu wa miaka mingi, ule ukurasa wa afya huwa nauanza kabla hata ya michezo, kwahiyo hii barua ichukulie kama ya mtu wa nyumbani tu. Wiki iliyopita mlitoa makala ya kupe na ugonjwa wa Lyme, ule wa bakteria wanaoletwa na kupe, na kwa kweli ilikuwa nzuri mpaka nilipofika kwenye kile kiboksi cha chini, mnasema mtu akikuta kupe amemng'ang'ania ampake mafuta ya taa, au amsogezee kijiti cha kibiriti cha moto ili aachie mwenyewe. Hapo nikaweka gazeti chini. Jamani, hapana.

Kupe sio mbu, haji akauma akaondoka zake. Anakata ngozi, anaingiza mdomo wenye vimiiba vinavyoangalia nyuma, alafu wengi wao wanajigandisha pale kwa ute unaokauka kama saruji, wakishamaliza kujifunga ndo wanaanza kunywa taratibu, na hiyo ni kazi ya siku kadhaa. Sasa bakteria wa Lyme, Borrelia burgdorferi, mara nyingi wanakuwa wamelala kwenye utumbo wa kupe, sio mdomoni. Damu ya moto ikianza kuingia ndo wanaamka, wanaongezeka, wanaanza safari ya kwenda kwenye tezi za mate na kutoka huko wanaingia kwako. Hiyo safari kwa kawaida inachukua zaidi ya saa 24. Yaani kupe akikutwa jioni ya siku ileile aliyopanda na akatolewa hapohapo, uwezekano wa kupata Lyme ni mdogo sana, ila akilala na wewe usiku mmoja, wa pili, hesabu inabadilika.

Kwahiyo kitu cha kupigania hapa ni muda, na ushauri wenu unapoteza huohuo muda. Mtu anapaka, anasubiri, anachungulia, anapaka tena. Na kupe ukimsumbua kwa moto au mafuta kuna hatari ya kukutemea ndani yale yaliyomo tumboni, kitu ambacho ndo tunakikimbia.

Nasema hivi kwa sababu yametukuta. Mdogo wangu anaishi kaskazini mashariki mwa Marekani, ukanda ambao Lyme imejaa kuliko karibu kokote. Jumamosi moja kashinda nyuma ya nyumba anakusanya majani makavu, usiku akanipigia video, kageuza simu ananionyesha nyuma ya goti, "Dada hebu cheki hiki ni kidoti cha kuzaliwa au nini?" Mi naangalia sioni kitu, nikamwambia sogeza, akasogeza, nikaona kinukta cheusi, kidogo kama nukta inayofunga sentensi hapa gazetini. Nikamwambia kikwangue kwa ukucha. Akakwangua, hakitoki, akawasha tochi, na kumbe kile kinukta kina miguu.

Huyo alikuwa kupe mchanga, wale ambao hawajakomaa, milimita moja au mbili tu, na hao ndo wanaoambukiza watu wengi kwa sababu hakuna anayewaona. Wifi yangu, kwa nia njema kabisa, akaleta mafuta mazito ya kujipaka, akampaka kibunda, akabandika na plasta juu, eti atakosa hewa atoke. Na mimi huku nikasema sawa, wazo zuri! Hatukujua kwamba kupe anavuta hewa mara chache sana kwa saa, unaweza kumziba ukaenda kulala ukaamka ukamkuta bado anakunywa. Ndo ilivyokuwa. Asubuhi alikuwa palepale, kanenepa kidogo.

Baada ya wiki kama mbili pakatokea doa. Na hapa mhariri naomba unisikilize vizuri kwa sababu makala yenu ilisema mtu atafute "duara jekundu lenye weupe katikati kama shabaha". Hilo duara lipo, lakini wengi hawalipati kwa namna hiyo, doa linaweza kuwa limejaa rangi moja tu bila pete yoyote, na kwenye ngozi nyeusi wekundu wenyewe hauonekani. La mdogo wangu lilikuwa kama mtu aliyejigonga mlangoni, zambarau inayoelekea kahawia, la moto kidogo ukiligusa, haliumi wala haliwashi, ila kila siku linatanuka, Jumatatu upana wa kifuniko cha chupa, Ijumaa upana wa kiganja. Akaenda kwenye kliniki moja, wakamwambia fangasi, wakampa krimu. Simlaumu sana aliyemuona, picha nyingi alizosomea ni za ngozi nyeupe. Lakini ndo hivyo watu weusi wanachelewa kugundulika, wanakuja kushtukiwa viungo vikishavimba.

Kwahiyo kanuni iwe hii, doa lolote linalotanuka, kati ya siku 3 na siku 30 baada ya kuumwa na kupe au kupita sehemu zenye kupe, nenda hospitali ukamtaje kupe kwa jina. Mtaje wewe, usisubiri uulizwe. Na usishangae daktari mzuri akikupa dawa bila kupima damu, maana kipimo kinatafuta kinga ya mwili na kinga inachukua wiki kadhaa kujitokeza, ukipima mapema kinaweza kusema huna wakati unao. Wengine hawapati doa kabisa, wanaanza na homa, kuchoka, kichwa, misuli, wanaambiwa mafua.

Doa la mdogo wangu lilipotea lenyewe, tukafurahi. Miezi mitatu baadaye goti likajaa kama mpira, hawezi kulikunja, ngazi anapanda kwa makalio kama mtoto. Hapo ndo kipimo kikasema Lyme. Angetibiwa wakati wa doa ingekuwa vidonge vya antibayotiki ya doksisaiklini siku 10 basi, sasa ikawa siku 28, na bahati yake ilikuwa goti. Kuna wanaopooza upande mmoja wa uso mpaka watu wanadhani ni kiharusi, na kuna ambao unaingia kwenye umeme wa moyo, mapigo yanakatika katika.

Kinachoniuma ni kwamba hadithi ya kutosikilizwa ndo iliuzaa huu ugonjwa kwenye vitabu. Pale Lyme, jimbo la Connecticut, miaka ya 1970, mama mmoja anaitwa Polly Murray aliugua miaka na familia yake, viungo, vipele, uchovu, madaktari wanamuona kama msumbufu, yeye anaandika kila kitu kwenye daftari na kuhesabu watoto wa majirani wenye magoti yaliyovimba. Mwaka 1975 ndo wakubwa wa afya wakamsikiliza, daktari Allen Steere wa Chuo Kikuu cha Yale akaanza kuchunguza, na mwanzoni walidhani ni baridi yabisi ya watoto. Bakteria mwenyewe alikuja kuonekana ndani ya kupe na mtafiti Willy Burgdorfer, matokeo yakatangazwa 1982, ndo maana anabeba jina lake. Leo Marekani peke yake wanakadiria watu kama 476,000 wanatibiwa Lyme kila mwaka.

Sasa mbona nimeng'ang'ana na kupe wa Wamarekani. Kwa sababu makala yenu iliishia na sentensi kwamba kupe wote ni walewale na kinga ni ileile, na Kiswahili chenyewe kinawakatalia. Sisi tuna kupe na tuna papasi, majina mawili, wazee waliotutangulia hawakuyatenganisha bure. Kupe ana ngao ngumu mgongoni, anasubiri kwenye nyasi kanyoosha miguu ya mbele (haruki wala hapai, anapanda tu ukimgusa) alafu anakuganda siku nzima na zaidi. Papasi ni laini, ngozi kama ngozi kuukuu ya kiatu, anakaa ndani ya nyumba kwenye nyufa za sakafu na kuta za udongo, anatoka usiku watu wamelala, anakunywa dakika chache mpaka nusu saa, anarudi ufani kabla hujaamka. Humkuti mwilini. Hiyo kanuni yangu ya saa 24 hapa haifanyi kazi, unaweza kujikagua kila jioni mpaka uchoke na papasi akakuletea homa.

Na homa ya papasi ni ndugu wa damu wa Lyme, naye ni Borrelia, duttonii anaitwa, kwa jina la daktari Dutton aliyekuwa anaichunguza Kongo mwaka 1905 ikamuua hukohuko kazini. Mwaka huohuo daktari Mjerumani Robert Koch akiwa Afrika Mashariki ya Kijerumani alionyesha papasi anarithisha vijidudu mpaka kwenye mayai yake, yaani kizazi kinachofuata kinazaliwa kimeshabeba. Ni homa inayopanda siku chache, inakatika, unajiona umepona, baada ya wiki hivi inarudi tena. Inafananishwa na malaria mno. Cha ajabu ni kwamba wadudu wake wanaonekana kwenye slaidi ileile ya damu ya malaria, kama aliyeko kwenye darubini anajua kuvitafuta hivyo vinyuzi vilivyojikunja. Kwa mjamzito ni hatari sana, mimba inaweza kutoka au mtoto akafa siku za mwanzo. Na matibabu yake yafanyike mbele ya wahudumu, kwa sababu dozi ya kwanza ya antibayotiki mara nyingi inamtetemesha mgonjwa na kupandisha homa ghafla masaa machache, vijidudu vinapokufa kwa mkupuo. Kinga yake ni nyumba, kuziba nyufa, sakafu iliyosakafiwa, kitanda kilichoinuka mbali na ukuta, neti, kupuliza dawa.

Alafu kuna hawa wanaowapasua kupe kwa kucha, hasa wanaohudumia mifugo, wanamtoa kwenye ng'ombe wanambana mpaka damu inaruka. Acheni hiyo kabisa. Kuna virusi vya homa ya Crimea na Kongo, kimoja kilijulikana Crimea 1944 kingine Kongo 1956 ikaja kugundulika ni kitu kimoja, hivyo vinaingia kwa kuumwa na kupe na vinaingia pia kwa kumponda, na kwa damu ya mnyama anapochinjwa. Na homa nyingine za kupe, zile zinazoacha kidonda cheusi kilichokauka pale ulipoumwa, nyingi zinasikia doksisaiklini upesi ikianza mapema.

Kwahiyo kumtoa. Kibano chenye ncha nyembamba, mkamate kichwani karibu kabisa na ngozi, sio tumboni, vuta kuelekea juu taratibu bila kupinda wala kuzungusha, nguvu ileile mpaka aachie, utaona ngozi inainuka kama kahema kadogo, usiogope endelea. Kipande cha mdomo kikibaki na hakitoki kirahisi kiache, mwili utakitoa, usianze kuchimba na sindano. Osha kwa sabuni, mtie kupe kwenye spiriti au mbandike kwenye selotepu, andika tarehe. Huna kibano, tumia kucha za vidole zenye kitambaa kati, ni bora kuliko kusubiri kibano. Na kwenye maeneo ya Lyme, kama kupe alikaa saa 36 au zaidi, daktari anaweza kutoa doksisaiklini dozi moja tu ndani ya saa 72 tangu atolewe, muulize.

Kabla ya hapo ni mambo ya kawaida, suruali ndani ya soksi (utaonekana kituko, sawa tu), dawa ya kufukuza wadudu kwenye ngozi, permethrini, dawa ya kuua wadudu, kwenye nguo na viatu na sio kwenye ngozi, na muwe waangalifu kama mna paka maana ikiwa haijakauka inamdhuru. Ukirudi oga ndani ya saa mbili, jikague kwapani, kinenani, kitovuni, nyuma ya magoti, nyuma ya masikio, kwenye nywele, na mbwa naye. Kwa nguo msitegemee maji ya baridi, kupe anatoka mzima, joto kavu la mashine ya kukaushia dakika 10 ndo linamuua.

Jambo moja la mwisho ambalo mligusa kwa mstari mmoja. Kweli wapo wanaobaki na uchovu na maumivu miezi baada ya kutibiwa, hawajifanyi. Lakini tafiti zilizowapa antibayotiki miezi na miezi hazikuona faida ya kudumu, ziliona madhara, kwahiyo yale matangazo ya dripu za "kusafisha Lyme sugu" msiyape nafasi ya bure kwenye kurasa zenu.

Ombi langu ni mawili. Marekebisho ya kile kiboksi yatoke ukurasa uleule wa afya, sio kule ndani karibu na tangazo la viwanja. Na picha ya kupe mliyoweka, ile kubwa kama kiganja na miguu yote inaonekana, mtakaporudia iwekeni kwa saizi yake halisi, hata kama itabidi mchore mshale, kwa sababu mdogo wangu usiku ule kitu kama hicho ndo alichokuwa anakitafuta, na kinukta kipo mbele ya macho yake.

Msomaji wenu,
Dada mtu