Barua kwa mwanangu: kabla hujanunua kompyuta mpakato

Mwanangu,

Nimeupata ujumbe wako pamoja na orodha ya zile kompyuta tatu. Nimeisoma mara mbili jana usiku, na leo nimeamka nayo kichwani. Umeniuliza ipi yenye kasi zaidi. Nitakujibu, lakini kwanza nataka uzitazame zote tatu kwa jicho jingine: katika kila moja, ni kipi utaweza kukibadilisha baadaye, na kipi utaishi nacho mpaka siku utakapoiacha? Fedha yako iende kwenye kile kisichobadilika.

Nasema hivi kwa sababu mashine yangu ya kwanza ya kubeba niliichagua kwa kasi na ukubwa wa kioo. Ilikuwa ya inchi 17, yenye uzito wa kilo tatu kasoro kidogo, na chaja yake nzito kama tofali. Wiki mbili za mwanzo niliibeba kila nilikokwenda. Kufika mwezi wa tatu ikawa haitoki mezani, na mimi nikarudia kuandika kwenye daftari kila nilipotoka nyumbani. Ilikuwa mashine nzuri kweli, ila uzito wake hakuna fundi aliyeweza kuupunguza.

Ndiyo maana ile ya pili kwenye orodha yako, ya wacheza michezo ya video, inanitia wasiwasi. Muuzaji kaandika kilo 2.4 na kanyamaza kuhusu chaja. Mashine za aina hiyo zina prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, na kadi ya picha zinazokula umeme mwingi, kwa hiyo chaja yake peke yake huweza kukaribia kilo nzima, na bila hiyo chaja betri haikufikishi mbali. Jumlisha na vitabu vyako na chupa ya maji, kisha fikiria bega lako. Tena kazi yako ni ramani na takwimu. QGIS, hiyo programu ya ramani unayoitumia, hutegemea zaidi prosesa, RAM (kumbukumbu ya muda inayoshika kazi zilizofunguliwa) na diski. Hiyo kadi kubwa ya picha utailipia na kuibeba, nayo itakaa bure karibu siku zote. Ungekuwa unasomea filamu au michoro ya pande tatu ningesema vingine.

Sasa kasi. Naona umepigia mstari neno "i7", jina la prosesa ya Intel, kwenye ile ya tatu, iliyokwisha kutumika ofisini. Usiishie kwenye hiyo 7, mwanangu. Soma tarakimu zinazofuata. Umeandika i7-7500U. Hiyo 7 ya pili ndiyo kizazi chake, yaani kizazi cha saba, na U mwishoni ni prosesa ya umeme kidogo, wakati H ni ya umeme mwingi na joto jingi. Ndani yake mna viini viwili tu, yaani sehemu mbili za kufanya hesabu kwa wakati mmoja. Mwaka mmoja tu baada yake, 2017, ilitoka i5-8250U ya kizazi cha nane, yenye viini vinne. Kwa kazi inayogawanywa kwenye viini vingi, i5 hiyo inaiacha mbali i7 yako, japo jina lake linasikika dogo.

Na kizazi hicho cha nane kina jambo jingine. Microsoft ilisitisha huduma za kawaida za Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa prosesa za Intel inaanzia kizazi cha nane, ukiacha chache sana za cha saba ambazo yako haimo. Ina maana mashine hiyo utainunua ikiwa tayari nje ya mlango. Ungeweza kuiwekea Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta, na QGIS hufanya kazi humo vizuri, lakini wewe una programu za darasani zinazotaka Windows. Hata hivyo sikukatazi mashine iliyotumika. Zile za ofisini hutengenezwa imara, kibodi zake hupendeza vidole, na nyingi hufunguka kwa bisibisi ukabadilisha RAM, diski na betri. Mwombe muuzaji mashine ya aina hiyohiyo, ya kizazi cha nane au zaidi.

Ile ya kwanza, nyembamba ya kilo 1.2, ndiyo iliyokuvutia, naliona hilo hata kwenye maandishi yako. Ni nzuri. Inachaji kwa USB-C, kwa hiyo chaja moja itaitosha pamoja na simu yako. Tatizo langu nayo ni RAM: gigabaiti 8, tena zimelehemiwa kwenye ubao. Fungua kivinjari chenye kurasa ishirini, ramani yenye tabaka nyingi na jedwali kubwa, utaiona inaanza kusuasua, kwa sababu RAM ikijaa kompyuta huanza kuhamishia kazi kwenye diski, na SSD, ile diski ya kisasa, hata iwe na kasi vipi haiifikii RAM. Baada ya miaka miwili programu zitakuwa zimenenepa, na wewe huna pa kuongezea. Apple yenyewe, iliyoshikilia 8 kwa miaka, mwaka 2024 ilipandisha MacBook Air ianzie 16. Kama fedha haitoshi kupata vyote, chukua RAM 16 na SSD ya gigabaiti 256 badala ya RAM 8 na SSD ya 512. Nafasi ikiisha, diski ya nje itakusaidia. RAM ya nje hakuna.

Ujue pia wembamba una gharama yake. Joto halina pa kupitia, kwa hiyo mashine nyembamba huanza kazi kwa mbio na baada ya dakika kadhaa hujipunguzia kasi isiungue. Prosesa ileile kwenye mwili mnene kidogo wenye feni nzuri hudumu na kasi yake. Kwa kazi zako za nusu saa nusu saa unaweza kulivumilia hilo.

Kuhusu kioo sina maneno mengi: usikubali pikseli 1366 kwa 768, kwani ramani zako zitabanana, anzia 1920 kwa 1080. Mwanga uwe niti 300 au zaidi (niti ni kipimo cha mwangaza wa kioo), la sivyo ukikaa karibu na dirisha hutaona kitu.

Betri usiipime kwa saa alizotaja muuzaji. Tazama wati-saa, yaani kiasi cha umeme ambacho betri hubeba. Betri ya wati-saa 50 kwenye mashine inayotumia wati 7 hukupa kama saa saba. Ikitumia 10, saa tano. Kwa mashine iliyotumika, mwambie muuzaji aandike amri ya powercfg /batteryreport, kisha ulinganishe ujazo wa awali na ujazo uliobaki. Ikiwa imebaki nusu, bei ya betri mpya iondolewe kwenye bei aliyokutajia.

Kwa hiyo kwangu ile ya pili imetoka. Zimebaki njia mbili: ile nyembamba ikipatikana na RAM 16, au ya ofisini ya kizazi cha nane kwenda juu, ambayo itakubakizia fedha ya kuiongezea RAM. Ungeniuliza mimi, ningechukua ya ofisini iwapo haizidi kilo moja na nusu. Nitumie namba kamili ya modeli na hiyo ripoti ya betri kabla hujatoa fedha. Nitakuwa macho mpaka saa nne usiku.

Mama yako