Kumekucha, kumekucha: salamu za Idd kutoka Tanga

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.

Ndugu, jamaa, majirani, wanachama wa kikundi chetu, na nyinyi mnaopokea salamu zangu kila mwaka mkazisoma nusu. Ni Jumanne jioni, tarehe 9 Aprili 2024, nimekaa barazani hapa Ngamiani na redio pembeni. Futari imeshaliwa. Watoto wamepanda kila kinachopandika kuutafuta mwezi, na mawingu ya masika yamejikalia palepale magharibi kama yaliyolipwa. Haujatangazwa bado, lakini katibu hawezi kusubiri, maana ukishatangazwa hakuna atakayenisoma, nyote mtakuwa sokoni. Basi natanguliza.

Kwa niaba ya kikundi chetu cha watu wenye ulemavu pamoja na wazazi na ndugu zao, nawatakia Idd el-Fitr njema ya mwaka 1445, yenye heri, baraka na amani. Mwenyezi Mungu azitakabali saumu zetu, swala zetu na sadaka zetu. Awaponye wagonjwa wetu, awarehemu waliotangulia mbele ya haki, awafanyie wepesi ndugu zetu wa Rufiji na Kibiti walioingiliwa na maji, na atufikishe Idd ya mwakani tukiwa hai na wazima. Amin. Jamaa wa Mombasa na wa Muscat, salamu zenu tumezipata, nanyi pokeeni zetu.

Mwaka umekuwa mzito, hilo hamhitaji kuambiwa na mimi. Sukari nisiiseme. Mvua zilipozuia miwa kuvunwa, kilo ilipita shilingi 4,000, na uji wa futari siku nyingine tumeunywa kwa pilipili manga na kumshukuru Mungu.

Kilichotuuma zaidi ni mikopo ya halmashauri. Hesabu mnaijua: asilimia 10 ya mapato ya ndani, nne za wanawake, nne za vijana, mbili zetu, tena bila riba. Tulikuwa tumeshaandika andiko, tumefungua akaunti, tumepiga picha za pasipoti, na muhtasari wa kikao umegongwa muhuri wa mtaa. Mafundi wanane, cherehani nne. Aprili 2023 Serikali ikaisimamisha mikopo hiyo nchi nzima ili utaratibu upangwe upya, kwa kuwa kulikuwa na vikundi hewa. Mwaka umetimia. Vikundi hewa vimekula, sisi wenye miili tumefunga, na saumu hiyo haina mwezi wa kuandama.

Mdogo wangu alikuwa mmoja wa hao mafundi wanane. Mnamjua, nusu yenu kesho mtaswali mmevaa kazi yake. Ni kiziwi tangu ana miaka mitatu, ilikuwa homa ya uti wa mgongo. Alipelekwa kwa mama mdogo Dar es Salaam akasoma Buguruni, shule ya viziwi iliyoanza mwaka 1974, akarudi likizo na lugha ambayo hapa nyumbani hakuna aliyekuwa nayo. Mama ndiye aliyejifunza kutoka mikononi mwake, jioni kwa jioni, ungo wa mchele mapajani. Sisi wengine tuliokota maneno mawili matatu, tukaona yanatosha.

Kuanzia Shaabani haonekani. Amezama kwenye badani na taharizi, vikwapa vimepangwa kwa mafungu, kila fungu lina karatasi ya vipimo iliyochomekwa pini. Uzi ukikatika anaujua kwa wayo wa mguu ulio kwenye kanyagio, kabla mimi mwenye masikio yangu sijatambua kuwa cherehani imebadili sauti. Na kila mwaka, siku za mwisho za Ramadhani, kuna jirani anayemletea pishi ya mchele. Nia njema, Mungu amlipe. Lakini fitri ya mdogo wangu, ya mkewe na ya watoto wao wawili hutoka mfukoni mwake mwenyewe, na jirani huyohuyo hajamaliza kulipa kanzu ya mwaka juzi. Mchele anaupokea kwa mikono miwili, anashika kifua kushukuru, na mlango ukifungwa ananigeukia na kufanya alama ambayo katika mwezi huu mtukufu siwezi kuitafsiri. Kisha anaupitisha kwa bibi wa nyumba ya tatu. Ulemavu na ufukara ni watu wawili, ingawa tumezoea kuwaona wamefuatana.

Yuko pia dada yetu mmoja anayetumia kiti mwendo. Mwaka huu amepanga chumba chake Chumbageni, na ukoo mzima ukanuna: tumekukosea nini? Hamkumkosea kitu, shangazi zangu. Anataka ufunguo wake mwenyewe, na kulala saa anayotaka yeye. Kinachomtesa ni mlango wa choo, mwembamba kuliko kiti, kwa hiyo kiti anakiacha nje na kuingia kwa mikono, sakafu ikiwa mbichi au kavu. Tumemwomba mwenye nyumba autanue kwa gharama zetu. Amesema tutazungumza baada ya Idd. Baada ya Idd ni keshokutwa, baba.

Sheria ya watu wenye ulemavu tunayo, ya mwaka 2010. Inasema mpaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na zaidi awe na asilimia tatu wenye ulemavu, nami nimeikariri vizuri kwa ajili ya semina. Wenzetu wa Kenya, ng'ambo ya Horohoro, Katiba yao ya mwaka huohuo imeitaja lugha ya alama, wao huiita ya ishara, kuwa moja ya lugha za Bunge lao. Mimi hapa bado naomba mkalimani mmoja, siku moja, kwa hutuba ya Idd. Najibiwa kila mwaka kwamba ni wazo zuri.

Sasa la kwangu mwenyewe, mnisamehe.

Hii ni Idd ya kwanza bila mama. Alituacha Rajabu, baada ya siku nne hospitalini. Siku zote hizo nne daktari alizungumza na mimi. Mdogo wangu alisimama upande wa pili wa kitanda akitazama midomo, akinigusa bega: anasema nini? Nami nikamjibu kama nilivyomjibu maisha yake yote: subiri, nitakwambia. Alfajiri ya siku ya nne muuguzi akavuta shuka mpaka juu. Nikaanguka kwa kilio, nikashikwa, nikatolewa nje, nikapewa maji. Yeye alibaki mle ndani na hakuna aliyemwambia neno. Alijua kwa shuka.

Mimi huyu, katibu, ninayesimama mbele za watu na fulana imeandikwa "Hakuna lolote kuhusu sisi bila sisi". Kwenye msiba watu walikuwa wakimpita na kuniambia mimi, mpe pole ndugu yako, nami nazipokea pole zake kama posho. Siku ya hitma ya arobaini aliniandikia kwa penseli ya vipimo, juu ya ubao wake wa kukatia: Ungeniambia. Maneno hayo yapo hadi leo, na kanzu zenu zimekatiwa juu yake.

Kwa hiyo mwaka huu sina nguvu ya kuwalaumu watu wa halmashauri peke yao.

Ramadhani nzima tumekula daku kwa mpaka uliowekwa na mtu mmoja, wala hatumkumbuki. Mtume, rehema na amani zimshukie, alisema Bilali huadhini kungali usiku, basi kuleni na kunyweni mpaka aadhini Ibn Umm Maktum. Na Ibn Umm Maktum alikuwa haoni. Hakuwa akiadhini mpaka aambiwe: kumekucha, kumekucha. Mmeisikia mara ngapi hadithi hiyo ikisomwa tukaishia kwenye hukumu ya daku? Mtu asiyeona, na kazi yake ni kutangaza alfajiri! Ingekuwa leo tungeunda kamati, adhana tukampa mwenye macho, na yeye tukampelekea pishi ya mchele. Watu wa Madina adhana walimwachia, wakamtafutia wa kumwambia. Ni yuleyule ambaye kwa ajili yake iliteremka sura ya Abasa katika Qur'ani, na ni yuleyule ambaye Mtume, akitoka safari, alimwachia mji zaidi ya mara moja.

Basi, ndugu zangu katika imani, na nyinyi majirani zetu Wakristo mtakaokuja kesho kula pilau, nawausia na kuiusia nafsi yangu kwanza. Wazazi, msimfungie mtoto chumba cha uani wageni wakija. Mvalisheni nguo mpya kama wenzake, na pesa yake ya sikukuu mpeni mkononi mwake, msimpe dada yake "amshikie", maana tunajua inavyoshikiwa. Wenye kuuguza, mgonjwa ana masikio au ana macho, mwambieni yeye. Maimamu wetu, mkalimani anahitaji sehemu ya kusimama na mwanga usoni, basi, na swafu ya mbele wakae viziwi. Wenye nyumba za kupangisha, mlango mmoja mpana hauli kodi yenu. Vijana, video za kucheka mnazitazama usiku kucha, alama ya "karibu" na ya "pole" zitawamalizia bando? Na hilo neno bubu liacheni. Sensa ya 2022 ilitukuta asilimia 11.2 ya Watanzania kuanzia umri wa miaka saba tuna ulemavu wa aina moja au nyingine, na hao ni wa leo tu. Uzee unakuja, bodaboda zipo, sukari ya damu ipo. Anayejenga ngazi leo atazipanda kesho kwa goti gani? Mola ametupa viungo kwa amana, na amana huulizwa. Tutaulizwa macho yalimwonea nani, na masikio yalimsikilizia nani, na ulimi, huu wangu, ulimwambia nani na ukamficha nani...

Najua nahubiri. Ramadhani imebakiza saa chache, nivumilieni.

Kabla sijasahau: kikao cha kikundi ni Jumamosi ya kwanza baada ya Idd, saa nne, palepale. Wanaofunga zile siku sita za baada ya Idd waje na saumu zao, chai tutawawekea. Na aliyeazima gongo la chini ya kwapa kwa ajili ya mjomba wake, mjomba ameshapona, tumemwona.

Taqabbalallahu minna wa minkum. Minal aidina wal faizina.

Nilikuwa nimefika hapo. Sasa umetangazwa, na mtaa mzima umepasuka kwa takbira, sufuria zinagongwa, mtoto wa jirani amekwama juu ya ukuta na hakuna wa kumshusha. Nimeiacha simu barazani nikavuka barabara. Mama ndiye aliyekuwa akifanya kazi hii: akifika kwenye kibanda cha cherehani, swichi iko nje ya mlango, anazima na kuwasha mara mbili, mdogo wangu anainua kichwa, na mama anauchora mwezi hewani kwa kidole gumba na cha shahada. Mwaka huu niliapa nitakuwa mimi.

Mkono ulikuwa umeshafika kwenye swichi nilipochungulia ndani. Cherehani imefunikwa. Amekaa juu ya ubao wa kukatia, simu ameiegemeza kwenye pasi, na kwenye kioo wapo viziwi watano au sita wa kundi lao, wa Dar, wa Moshi, wa Tabora, wote mikono juu wanaitikisa kwa furaha. Akaniona. Akauchora mwezi, vilevile kama mama, kisha akagonga kifundo cha mkono mara mbili, pale inapokaa saa.

Nimechelewa.

Kanzu ziko tayari. Mje mzifuate usiku huu, na salio lenu mkononi. Idd Mubarak.