Barua kwa Mwanangu: Kisima Kiache Kilivyo

Mwanangu Salim,

Asalaam aleikum. Jana usiku uliinuka mkekani ukaniacha nikizungumza peke yangu. Leo ni Jumanne, Jumamosi unapanda ndege kwenda Doha, na sitaki tuagane tukiwa hivi. Ndiyo maana nampa dada yako barua hii akutie mkononi.

Neno langu ni lile lile. Ile mashine ya kuchimba kisima kirefu cha kuuza maji isije Alhamisi. Mita 80, babangu! Kisima alichochimba babu yako kwa sururu hakifiki hata robo ya hizo, na kimetulea sote.

Kazi uliyoipata imenifurahisha, na barazani hakuna ambaye sijamwambia. Nilipoambiwa viza imetoka niliswali rakaa mbili. Ila wewe ukishashika jambo husikii la mtu, na hilo nalijua tangu ungali mdogo.

Miaka 22 nimewapitisha wageni kwenye magofu ya Gedi, ule mji wa kale wa Waswahili karibu na Malindi, na karibu kila mmoja huniuliza watu wale walikwenda wapi. Wengi wanataka kusikia vita. Vita vilikuwako, nami huwaeleza: Wazimba, wapiganaji waliotoka kusini, walitisha pwani hii mwaka 1589, mwaka 1593 Wareno wakaanza kujenga Fort Jesus, wakamhamishia Shehe wa Malindi Mombasa, na biashara ikawafuata huko, halafu Waoromo wakashuka kutoka kaskazini. Kisha huwapeleka nje ya Msikiti Mkuu, nikawasimamisha penye kisima. Kile kisima kilichimbwa, baadaye kikaongezwa kina. James Kirkman, aliyeanza kufukua pale mwaka 1948, aliliona hilo akalihesabu miongoni mwa sababu za mji kuhamwa. Maji yalikuwa yakiwakimbia.

Na hawakuwa watu duni, Salim. Walikuwa na vyoo ndani ya nyumba na mitaro ya kupitishia maji. Walikula kwenye kaure za China. Kaburi moja limeandikwa mwaka 802 wa Hijria, ndio 1399, na hati yake bado inasomeka. Karne ya 16 wakajenga ukuta mwingine ndani ya ule wa kwanza, nyumba nyingi zikabaki nje. Mimi nikiupita ukuta ule wa ndani moyo hunidunda, maana naona mji unaojikunyata. Mwanzoni mwa karne ya 17 palikuwa pamekwisha, msitu ukaingia mpaka kwenye mihirabu. Mtu anayeweza kununua kaure kutoka China hakukosa pesa ya kuongeza kamba ya ndoo. Aliiongeza, akaona amemaliza.

Sasa angalia hapa petu. Chini ni jiwe la matumbawe, lina matundu kama sifongo, na bahari haiko mbali. Maji matamu yanaelea juu ya maji ya chumvi. Ukiyavuta kwa pampu mchana kutwa, ya chini yanapanda. Jirani yetu wa upande wa kibla alichimba kwa mashine, akauza maji miaka miwili, mikokoteni ikipanga foleni hadi barabarani. Leo nenda kaonje. Sabuni haitoi povu. Mkewe akitia maziwa kwenye chai yanakatika, na sufuria zake zimeota ukoko mweupe usiotoka hata kwa mchanga. Kisima chake na chetu vimeachana kwa ua tu. Mwezi uliopita mamako alionja maji yetu akanitazama. Hakusema kitu, nami sikumuuliza.

Wewe wasema mfereji unakauka siku tatu, watu watanunua mtungi kwa bei yoyote. Kweli watanunua. Nawe utakuwa Doha unakunywa maji ya chupa, sisi ndio tutakaobaki na pampu na chumvi.

Wasumeri, kule Iraki ya leo, walimwagilia mashamba kwa mifereji ya mto mpaka chumvi ikapanda juu ya udongo. Ngano ikawakataa, wakabaki na shayiri, kwa kuwa shayiri huvumilia chumvi. Kila mwaka mavuno yalikuwapo, hata kama ni pungufu, basi hakuna aliyesema basi. Hilo ndilo linaloniogopesha kuliko Wazimba.

Jana uliniuliza mbona birika la mvua la babu yako lilifukiwa, kama maji ni mali kiasi hicho. Sikukujibu. Mwaka 2009 nilitaka vyumba viwili vya kupangisha, na pale ndipo palipokuwa na nafasi. Karo yenu ilitoka humo. Mamako alisimama mlangoni akitazama kifusi kikimwagwa, na mpaka leo akipita pale huzunguka.

Kama pesa zishatoka, nunua tangi la lita 10,000 na gata za kuzungushia paa lote. Masika haya bati lingetujazia. Fundi wa gata nimeshazungumza naye, anaweza kuanza hata kesho. Na kile chumba cha pili nitakivunja, mpangaji anahama mwisho wa mwezi.

Mamako amekufungia achari na papa mkavu. Usimwambie watu wa uwanja wa ndege watakataa, ataumia bure. Yule mbuzi mweusi amezaa pacha, mmoja ni wako. Dada yako anataka viatu vya shule, usimpe pesa mkononi, nipe mimi. Koti lako nimelitoa kwa dobi. Cheti cha kuzaliwa kimo kwenye mkoba wangu wa ngozi, nimekitia plastiki.

Namba ya mwenye mashine nimeiandika kwenye kalenda ya jikoni, chini ya mwezi wa Machi. Mpigie leo, kabla ya magharibi. Nitakuwa kibarazani.

Babako